Zamu ya Paka Mwenye Pumu

Paka wetu alikohoa kama mzee aliyevuta kiko tangu ujana wake. Kwanza alijikunyata chini, mabega yakapanda, shingo ikanyooka mbele kama anatafuta sindano iliyodondoka uvunguni. Halafu ikaanza: khe, khe, khe, na mwisho kabisa filimbi nyembamba, kama mtu anayeita mbwa wake kwa aibu. Akimaliza alikaa vizuri, akajilamba mguu mmoja, akatutazama sisi kana kwamba ndio tuliokuwa tukikohoa.

Wapita njia walidanganyika sana. Mtu akipita mbele ya nyumba yetu pale Bukiriro, akasikia kikohozi kile kinatoka ndani, alisimama, akavua kofia, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, mzee!"

Bibi yangu alikuwa mjane wa siku nyingi, na nyumba yake haikuwa na mzee wa aina yoyote. Lakini aliitikia kwa niaba ya mgonjwa. "Marahaba, mwanangu. Upite salama."

Mtu alikwenda zake ameridhika. Mimi nilibaki nyuma ya mlango nimeziba mdomo kwa kanga.

"Unacheka nini, mke mwenzangu?" bibi aliniuliza. Ndivyo alivyoniita kwa utani wetu, ingawa mume wa kugombania alikuwa amekwisha kufa kabla mimi sijazaliwa. "Mtu akikuamkia usiitikie? Au ulitaka paka ajibu mwenyewe?"

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea. Mama yangu, aliyekuwa akilima mahindi huko Runazi, upande wa Biharamulo, alinituma nikakae na mama yake nimsaidie kuteka maji na kutafuta kuni. Maji niliteka, kuni nilitafuta, lakini akili yangu ilikuwa kwenye redio. Kijijini kwetu redio ilikuwa moja, nyumbani kwa balozi wetu wa nyumba kumi, na jioni tulikaa uani kwake kusikiliza habari. Nilitaka kuwa mtangazaji. Nilimwonea wivu yule mama mwenye sauti laini aliyesoma taarifa, nikawa nafanya mazoezi jikoni, mwiko mbele ya mdomo: "Hii ni taarifa ya habari kutoka jikoni. Viazi havijaiva. Bibi ameketi. Paka amekohoa mara nyingi leo, na hali yake inaendelea kuwa ya kati."

"Tangaza na ugali unaungua," bibi alisema.

Paka mwenyewe hakuwa wa bibi, wala hakuwa wangu. Alikuwa wa mjomba, kitinda mimba wa bibi. Mjomba alipewa na utingo mmoja wa lori huko Rusumo, akaja naye amemtia ndani ya shati, kichwa kimejitokeza kifuani kama beji. Siku zile alikuwa mdogo bado na ugonjwa wake haukujulikana. Alikuwa anapiga chafya tu.

Vita ilipoanza huko kaskazini mwa mkoa wetu, mgambo wa kijiji waliitwa, na mjomba alikuwa mmoja wao. Lori likaja mpaka mbele ya ofisi ya kijiji. Wanawake walikuwa wameanza kulia hata kabla halijazima mashine. Mjomba hakuyaweza machozi ya watu. Tangu utoto wake, mtu akilia mbele yake, yeye alitafuta kichekesho. Basi alipopanda lori aliingiza mkono ndani ya shati, akamtoa yule paka, akampitisha juu ya vichwa vya watu mpaka kwa bibi.

"Mama! Huyu ni mali yangu. Nikirudi nimkute!"

Paka akapiga chafya. Watu waliangua kicheko, lori likaondoka katikati ya kicheko, na nafikiri ndivyo mjomba alivyotaka.

Bibi peke yake hakucheka. Tulipokuwa tunarudi nyumbani amempakata yule paka, aliniambia, "Umesikia? Ana mali yake hapa. Mtu mwenye mali yake mahali hana budi kuifuata. Sasa mali ikitoweka, atafuata nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba mjomba alikuwa na nguo pia, na jembe, na baiskeli isiyo na mnyororo. Lakini nilimtazama usoni nikaacha. Mjomba alikuwa ameomba jambo moja tu kati ya yote, na bibi alikuwa amelishika. Tangu siku ile nyumba yetu ilikuwa na kazi moja iliyozidi nyingine zote: paka awe hai mjomba atakaporudi.

Na paka, kwa upande wake, akaanza kuumwa.

Chafya ikashuka ikawa kikohozi, kikohozi kikaota filimbi. Asubuhi moja bibi alimlaza kwenye kikapu, akamfunika kwa jani changa la mgomba, tukaenda naye zahanati. Watu kwenye benchi walifikiri tumebeba mayai. Mganga wa zahanati alikuwa mtu mnene, mpole, na alipofunua jani alilirudisha haraka.

"Bibi, hapa tunatibu watu."

"Najua. Huyu ni wa mtu."

"Watu wote wana vitu vyao, bibi yangu."

"Mwenyewe yuko vitani. Wewe msikilize kifua tu, mwanangu. Kusikiliza hakumalizi dawa."

Mganga akaangalia mlangoni kama kuna mkubwa anayekuja, kisha akaweka mpira wake wa kusikilizia kifuani mwa paka. Paka akakohoa kwa heshima. Mganga akasema ni pumu, kama ya watu. Haiponi. Lakini anaweza kuishi nayo miaka, kama ataepushwa na moshi, na vumbi, na baridi, na kama atakula chakula laini, kidogo kidogo.

"Moshi?" bibi akauliza.

"Moshi ndio adui yake wa kwanza."

Bibi alitoka pale ameshika kikapu kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili amelishika fundo la kanga lililokuwa na kiko chake. Maana kama kulikuwa na mwanamke wa kuvuta kiko katika kijiji kile, alikuwa yeye. Alivuta baada ya kulima, baada ya kula, baada ya kukasirika, na kabla ya kusali. Tulipofika alikitoa kiko kwenye fundo, akakitundika kwenye msumari juu ya kitanda, akakipa mgongo.

"Utaweza, bibi?" nikamuuliza.

"Nimezika mume nikaweza."

Mwezi ule wa kwanza alikuwa mkali kiasi kwamba hata kuku walimkwepa. Mara mbili nilimkuta amesimama chini ya ule msumari, ananusa tu.

Mafiga nayo yakahama. Tulipikia nje, chini ya upenu, jua na mvua. Kule kwetu mvua ikiamua kunyesha haiombi ruhusa, na mimi nilisonga ugali wa muhogo kwa mkono mmoja, wa pili umeshika ungo juu ya kichwa cha sufuria. Kichwa changu mimi hakikuhesabiwa. Nyasi zilizotandikwa sakafuni ndani ya nyumba tuliziondoa kwa sababu ya vumbi, na kabla ya kufagia nilinyunyiza maji. Majirani wakaanza kusema nyumba yetu ina mgonjwa mkubwa, au ina mwali. Walikuja kuchungulia. Walimkuta paka kwenye kikapu, amefunikwa kanga ya bibi ya kwendea kanisani.

Likabaki jambo la chakula laini. Hapo ndipo alipoingia bibi jirani.

Huyu alikuwa mama mzee aliyevuka na mumewe kutoka Rwanda miaka ya nyuma, wakiswaga ng'ombe. Mume alikuwa amefariki, ng'ombe walikuwa wamepungua mmoja mmoja, akabaki na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe ndefu ambaye alizungumza naye zaidi kuliko alivyozungumza nasi. Kila asubuhi alipita na chombo chake cha mti, mfuniko wa ukili umechongoka juu, mwendo wa polepole kama bibi harusi. Maziwa yake hayakuwa ya kuuza. Alimpa aliyemwona anastahili, na alikuwa na sheria zake.

Aliinamia kikapu, akamtazama mgonjwa wetu muda mrefu.

"Nitampa," alisema. "Lakini maziwa ya ng'ombe wangu hayakutani na nyama katika tumbo moja siku moja. Yakikutana, ng'ombe anakauka."

"Huyu ni paka, dada," bibi akasema. "Nyama ndiyo dini yake."

"Basi abadili dini."

Sheria ile waliijua watu wote wenye ng'ombe, na hata sisi wa jembe tuliiheshimu. Lakini hakuna aliyewahi kuona imewekwa kwa paka. Bibi akafikiri, akauliza kuhusu dagaa.

"Dagaa wana macho?" bibi jirani akauliza.

"Wanayo."

"Yanakutazama ukiwa unawala?"

"Yananitazama."

"Basi ni nyama."

Wakakubaliana. Paka akala uji wa mtama kwa maziwa asubuhi, ugali uliolainishwa kwa maziwa jioni. Panya hakuruhusiwa, kwa afya ya ng'ombe. Wala paka mwenyewe hakuonyesha kuwataka. Panya mmoja wa nyumbani kwetu alizoea kupita mbele ya kikapu kama mtu anayepita mbele ya benchi la wazee, na naapa alikuwa akipunguza mwendo.

Na kweli, mgonjwa akapata nafuu. Hakupona, mganga alikwisha kusema, lakini siku mbaya zikawa na mapengo ya siku nzuri. Kikohozi kikija, bibi alimwinua kifua kwa kiganja, akamsugua shingo kwa kidole chenye samli, akamsemesha pole pole kwa Kihangaza, lugha ya kwetu. Mimi nilitangaza: "Tunapokea habari sasa hivi kwamba kifua kimefunguka." Bibi alizoea kusema "Mungu asifiwe" mwisho wa taarifa, akisahau kwamba mtangazaji ni mimi.

Habari za kweli tulizisikia kwa balozi. Redio ilitaja mahali hapa na pale, majeshi yamesonga, majeshi yamevuka. Mjomba haikumtaja. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha aliinuka akauliza njia nzima kama nimefunika kikapu vizuri.

Ndipo panya wa kijiji wakaingia ghalani.

Ghala letu la ujamaa lilikuwa limejaa maharage ya shamba la kijiji. Yalikuwa yamepangwa kwenda kwa wanajeshi, na tulikuwa tunangoja lori. Malori yote yalikuwa na kazi kubwa zaidi kuliko yetu, kwa hiyo maharage yalikaa, na panya wakayapata. Mkutano ukaitishwa. Balozi wetu akasimama. Alikuwa mtu mwema, mkulima hodari wa migomba, ila akisimama mbele ya watu alianza kuzungumza kama amemeza kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Adui yuko mpakani, na adui yuko ghalani! Kila mwenye nguvu atafanya kazi. Katika kijiji cha ujamaa hakuna kupe. Kuanzia kesho, kila paka wa kijiji hiki ataingia zamu!"

Watu walipiga makofi. Wazo lilikuwa zuri, mtu akilifikiria haraka. Paka wazima wangeingia usiku, na walio dhaifu wangeingia mchana.

Asubuhi yake alikuja kwetu. Tulikuwa uani, bibi anachambua mboga, mgonjwa juani ndani ya kikapu.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, balozi. Karibu kigoda."

Balozi hakukaa. "Nimekuja kuhusu ndugu paka."

"Ndugu paka anaumwa."

"Ndiyo maana nimempa zamu ya mchana."

"Balozi, humo ghalani mna vumbi la maharage. Akishinda humo, jioni nitaletewa ngozi."

"Mama, kila mmoja ana sababu. Yule wa nyumba ya tatu amesema paka wake ana mimba. Yule wa mwisho amesema wake ni mchungaji wa vifaranga. Nikikubali sababu zote, tutakuwa na paka wote majumbani na panya wote ghalani." Akashusha sauti, na kile kipaza sauti kikatoka kooni. "Na hayo maharage, mama, ni ya akina nani? Ni ya akina mwanao."

Bibi akaacha kuchambua mboga. Hilo ndilo lililombana. Akimtoa paka, paka anakufa, na mjomba hana cha kurudia. Akimzuia, analinyima maharage jeshi alimo mjomba huyo huyo. Nilimwona anainua mkono kuelekea fundo la kanga, mahali kiko kilipokuwa kikikaa. Fundo lilikuwa tupu.

Wakati ule ule bibi jirani alikuwa anaingia na chombo chake cha mti. Alisikia yote. Aliweka chombo chini polepole, akakifunika vizuri.

"Balozi. Mjukuu wako mchanga, yule asiyepata maziwa ya mama yake ya kutosha. Anakunywa ya nani?"

"Ya ng'ombe wako, mama. Mungu akuzidishie."

"Na paka huyu anakunywa ya nani?"

Balozi akamtazama paka.

"Ya ng'ombe yule yule," bibi jirani akamjibia. "Wewe mtie ghalani. Ale panya mmoja tu, maziwa yakiwa bado tumboni. Ng'ombe atakauka. Halafu uje uniambie mtoto utampa hotuba."

Nilijificha nyuma ya mgomba kwa sababu ya kicheko. Balozi alikuwa mtoto wa hapa hapa, sheria ya maziwa aliijua tangu kunyonya. Alikuna kichwa. Akazunguka kikapu. Hatimaye akasema, kwa sauti ya mtu wa kawaida, "Lakini jamani, nimekwisha tangaza mbele ya watu."

"Basi aende," bibi akasema ghafla. "Aende zamu, lakini akae nje mlangoni, kwenye kikapu chake. Panya wasikie harufu na wasikie kikohozi. Na kazi ya ndani ataifanya huyu."

Huyu alikuwa mimi.

Hivyo ndivyo nilivyofanya zamu ya paka. Zamu yetu ilipofika niliingia ghalani na fimbo na debe tupu. Nililipiga debe kila pembe, nikanyunyiza maji, nikafagia, nikaziba matundu kwa udongo na miiba. Nje, mlangoni, kwenye kivuli, mlinzi mkuu alilala chali. Akikohoa, bibi alimsugua. Akilala, bibi alisuka ukili. Watu walipita wakanitania. "We binti, mshahara wako ni mkia au masharubu?" Wavulana walinililia nyau njia nzima kwenda kisimani. Mimi niliwaahidi kwamba siku nitakapokuwa redioni nitawataja wote kwa majina na kwa makosa yao. Moyoni nilikuwa na furaha. Nilikuwa naona lori limefika jeshini, mjomba anachota maharage kwenye bakuli, na hata moja halina jino la panya.

Lori lilikuwa limekwisha kuahidiwa siku ile lilipotokea jambo lenyewe. Nilikuwa nahamisha gunia la mwisho kutoka ukutani ili nizibe tundu nyuma yake. Panya mmoja akachomoka, mkubwa, akapita kati ya miguu yangu. Nilipiga kelele, nikatupa debe. Na mlangoni, yule mgonjwa wetu, mla uji, ambaye panya wa nyumbani walimdharau, akaruka kutoka kikapuni. Sikuwahi kumwona akiruka. Aliingia ndani, vumbi likafumuka, maharage yakamwagika, na nilipofumbua macho alikuwa amemshika panya shingoni, amesimama katikati ya ghala, macho yanawaka kwa fahari.

Kisha akamwachia panya, akainama, na kikohozi kikaja.

Hakikuwa kile cha kila siku. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani, mdomo wazi, ulimi unageuka rangi, na filimbi haikutoka tena. Hakukutoka kitu. Nilimwinua, na bibi akamchukua mikononi mwangu akatoka naye mbio, bibi yangu ambaye alikuwa hakimbii hata mvua. Alikaa chini kwenye majani mabichi, akamwinua kifua, akamfuta pua kwa pindo la kanga lililoloa maji, akamsugua mgongo kwa samli. Mimi nilisimama tu. Taarifa zote zilinikauka.

"Pumua," bibi alikuwa akisema. "Pumua, mwanangu. Pumua, wewe. Usilale huko. Njoo nyumbani. Pumua."

Akamwita kwa jina la mjomba. Nadhani hakujisikia. Mimi nilisikia, na niligeuka nikatazama migomba, kwa sababu alikuwa hajawahi kulia mbele ya mtu tangu lori liondoke, na sikutaka ajue kwamba sasa ameniliza na mimi.

Sijui tulikaa muda gani. Kwanza ilisikika sauti kama ya mlango mkavu. Kisha filimbi, nyembamba, ya aibu. Halafu khe. Ile khe ilikuwa nzuri kuliko wimbo wowote uliowahi kupigwa redioni.

Nilipoinua macho, bibi jirani alikuwa amesimama karibu yetu na chombo chake cha mti. Alikuwa anamtazama panya, ambaye alikuwa amejikokota akafia mlangoni mwa ghala, meno nje. Bibi yangu naye akamwona anavyomtazama. Paka alikuwa amekunywa maziwa asubuhi ile, na panya alikuwa pale mbele ya macho ya wote, na damu yake ilikuwa kwenye masharubu ya mgonjwa. Sheria ilikuwa wazi. Bila maziwa, na kifua kile kilivyofunga, asingefika jioni ya kesho.

Bibi jirani aliinama akamshika panya kwa mkia. Akamgeuza upande huu, akamgeuza upande ule, akamkagua kama mtu anayekagua kitenge dukani.

"Huyu hajaliwa," akasema. "Ameuawa tu. Hiyo ni vita. Vita si chakula."

Akamtupa migombani, akafuta mkono kwenye nyasi, akafunua chombo akamimina.

"Dada," bibi yangu akasema, "na ng'ombe wako?"

"Nitazungumza naye."

Ng'ombe hakukauka. Balozi alikuja kwa siku kadhaa kuulizia hali yake, akijifanya anapita tu.

Lori lilipokuja kuchukua maharage, balozi alihutubia. Aliwashukuru wanaume, akawashukuru kina mama, akasema hata wagonjwa wa kijiji chetu wametoa mchango wao katika ulinzi wa taifa, na akanyoosha mkono kuelekea kikapu. Watu walipiga makofi, wakamshangilia paka. Mimi nilikuwa nyuma, vumbi la maharage bado liko kwenye nywele. Hakuna aliyenitaja. Nilijitaja mwenyewe jioni ile, kwenye mwiko.

Vita ikaisha. Redio ikasema, watu wakaimba, na wanaume hawakuja. Kumbe kuisha ni kitu kimoja na kurudi ni kitu kingine. Walirudi mmoja hapa, wawili pale, wengine baada ya mavuno mengine. Kila mmoja aliyerudi bibi alikwenda kumpa pole na karibu, akauliza, akarudi nyumbani akaongeza maziwa kwenye uji wa paka. Paka alinenepa kwa wasiwasi wa bibi.

Mjomba alikuja siku ya manyunyu, mchana, alipewa lifti na lori lililokuwa linakwenda Rusumo. Hatukumwona anakuja. Bibi na mimi tulikuwa nyuma ya nyumba tunang'oa viazi, na mlango ulikuwa umeegeshwa. Tulichosikia kwanza kilikuwa kikohozi cha mgonjwa ndani, kikohozi kizima cha kizee, khe, khe, khe, na filimbi yake. Kisha upande wa barabara ikasikika sauti ya mwanaume, imekunja uso hata kabla hujaiona.

"Shikamoo! Wewe nani unayekohoa nyumbani kwa mama yangu?"

Paka akakohoa tena.

"Nauliza! Nimeacha nyumba hii haina baba. Mama! Mama, umeolewa?"

Bibi aliacha jembe limesimama ardhini. Nilifikiri angekimbilia mbele kumkumbatia. Hakufanya hivyo. Aliingia kwa mlango wa nyuma, moja kwa moja kwenye kikapu, akakibeba, akatoka nacho mlango wa mbele. Mjomba alikuwa amesimama kwenye manyunyu, amekonda, mzigo begani, ngumi imekunjwa tayari kwa baba wa kambo. Bibi akamwekea kikapu mikononi.

"Mali yako hiyo."

Mjomba akachungulia. Paka akamchungulia. Naona wote wawili hawakutambuana.

"Mama," mjomba akasema polepole, "huyu ndiye yule? Bado yupo?"

"Ulisema umkute."

"Mimi nilisema?" Alitazama kikapu, akanitazama mimi, akatazama kikapu. "Mama, mimi nilikuwa nafanya mchezo tu pale. Nilitaka msilie."

Niliona uso wa bibi, nikafikiri sasa ndipo patakapovunjika kitu. Mafiga kwenye mvua, sheria ya maziwa, zamu, msumari juu ya kitanda, vyote kwa ajili ya mchezo. Bibi alimtazama mwanawe kuanzia viatu mpaka nywele, kama alivyokuwa akimkagua paka kila asubuhi. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya upenu, na machozi yakiwa humo humo.

"Basi," alisema. "Umerudi kwa mchezo. Mimi sijali umerudi kwa nini."

Mjomba aliingia, akakaa, akavua viatu, akatoa sigara mfukoni, akatafuta kiberiti.

"Nje," bibi akamwambia.

"Nini?"

"Nje na huo moshi. Humu ndani kuna mgonjwa."

"Mama, nimetoka vitani!"

"Na yeye ametoka vitani. Muulize balozi."

Mjomba alinitazama apate msaada. Nilichukua mwiko nikamtangazia kwamba amri hiyo ni ya nyumba nzima na haina rufani. Akatoka, anaguna, akasimama chini ya upenu, manyunyu yanamdondokea begani. Bibi alibaki kidogo ndani. Kisha akaenda kitandani, akainua mkono, akakitungua kiko kutoka kwenye msumari, akakipuliza vumbi kwa uangalifu, dirishani, upande usio na kikapu. Akatoka akamfuata mwanawe.

Nikaegesha mlango nyuma yao. Paka akajilamba mguu mmoja. Nje niliwasikia wanagombania kiberiti kimoja kilicholoa.